Kabla ya Kupokea Ng'ombe, Tuulize Sheria ya Kwao

Mavuno yakishaingia, soko la mahindi la Kibaigwa hujaa malori. Yapo ya Dar es Salaam, yapo ya Arusha, na yapo yenye namba za Kenya. Wanunuzi hupanga vyumba, hula kwa mama lishe, huzoeana na wenyeji, na msimu hauishi kabla hujasikia kwamba mmoja wao ametuma mshenga kwenye boma fulani. Posa zao sina neno nazo. Ninalo neno na sisi tunaozipokea.

Neno lenyewe ni hili: mzazi anayemwoza binti yake kwa mtu wa nchi nyingine anamwingiza pia chini ya sheria ya nchi ile. Tusipoiuliza sheria hiyo mapema, itakuja yenyewe siku ya msiba au siku ya talaka, na siku hiyo anayeumia si mshenga wala baba mwenye zizi. Ni binti na watoto wake.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa wilaya hii ya Kongwa, na sasa ni mjumbe wa baraza la usuluhishi la ndoa katika kata yetu. Mashauri tunayopokea mengi ni ya kila siku: matunzo ya watoto, vipigo, mume aliyeuza mazao akanywea. Lakini kuna mama mmoja alinijia na jambo ambalo baraza letu halikuwa na daftari la kuliandikia.

Alikuja na mfuko wa rambo, na ndani yake karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari la mistari. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: MAKABIDHIANO YA MAHARI. Ng'ombe sita, mbuzi watatu, mablanketi mawili, shuka la bibi, na fedha taslimu za mjomba. Chini yake kuna sahihi za mashahidi wanne, dole gumba la babu yake, na muhuri wa ofisi ya kijiji. Mumewe alikuwa Mkenya, mnunuzi wa mahindi. Waliishi pamoja miaka minane, wakapata watoto wawili, wakajenga nyumba ya bati na kufunga mashine ya kusaga. Bwana yule akaugua, akarudi kwao kutibiwa, akafia huko. Matanga yalipokwisha, akaja Kongwa mwanamke mwingine pamoja na mashemeji wawili. Mkononi alikuwa na cheti cha ndoa ya kanisani, kilichotolewa Kenya miaka mingi kabla ng'ombe wale sita hawajaswagwa kuja kwetu. Wakaomba funguo za mashine.

Mama yule alinikunjulia karatasi yake akaniuliza, "Mwalimu, mimi ni mke au si mke?"

Kwa sheria, lile halikuwa shauri la baraza, kwa sababu marehemu hasuluhishwi. Mahali pake ni mahakamani, na huko ndiko tulikomwelekeza. Lakini swali lake sikuliacha. Nimeisoma Sheria ya Ndoa, nimewauliza wanaoijua kuliko mimi, na nililolipata huko ninaona si haki nibaki nalo peke yangu.

Ndoa inayovuka mpaka hupimwa kwa maswali mawili, na kila swali lina sheria yake. La kwanza ni la utaratibu: je, ilifungwa inavyotakiwa? Hapa inayotazamwa ni sheria ya mahali ilipofungwa. Iliyofungwa Kongwa inapimwa kwa sheria ya Tanzania, iliyofungwa Machakos inapimwa kwa sheria ya Kenya. Swali la pili ni la sifa: je, wawili hawa waliruhusiwa kuoana? Umri unatosha? Hawana udugu wa karibu? Hakuna aliye na ndoa nyingine inayomzuia? Hapo kila mmoja hutazamwa kwa sheria ya kwao, yaani nchi yenye makazi yake ya kudumu, ile ambayo hata akiwa safarini mwaka mzima bado anaihesabu ndiyo kwake.

Kwetu Tanzania Bara mgawanyo huu umeandikwa. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema ndoa iliyofungwa nje itatambuliwa hapa ikiwa ilifuata utaratibu unaokubaliwa na sheria ya huko, ikiwa kila mmoja alikuwa na sifa ya kuoa au kuolewa kwa sheria ya makazi yake ya kudumu, na ikiwa wote wawili waliridhia kwa hiari. Tena kinaongeza kwamba mmoja wao akiwa raia wa Tanzania au mwenye makazi ya kudumu hapa, basi wote wawili wawe na sifa pia kwa mujibu wa sheria yetu. Kwa lugha ya nyumbani, Mtanzania hawezi kwenda ng'ambo akafunga ndoa ambayo hapa imekatazwa, kisha akarudi nayo akitaka tuipigie vigelegele.

Kanuni hii ina historia ndefu. Mwaka 1850 Mwingereza mmoja aliyefiwa na mkewe alitaka kumwoa shemeji yake, dada wa marehemu. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilikataza, ya Denmark iliruhusu. Wakavuka bahari wakaoana katika himaya ya Denmark, kisha wakarudi nyumbani. Mwaka 1861 Mabwana wa Bunge la Uingereza, waliokuwa mahakama ya mwisho ya nchi hiyo, wakaamua kuwa ndoa ile ilikuwa batili: Denmark ilikuwa na haki ya kusema arusi ifanywe namna gani, lakini kuruhusiwa au kutoruhusiwa kwa wawili wale kulibaki kwenye sheria ya kwao. Nchi nyingi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, na sisi tumo, zimeshika njia hiyo.

Sasa turudi kwa mama yetu. Kwa swali la kwanza, ndoa yake inasimama. Ilifungwa Kongwa, na sheria yetu inaruhusu ndoa ya kimila pale ambapo wote wawili wanatoka katika jamii zinazofuata mila. Kweli haikusajiliwa, na sheria inawataka waliooana kimila waombe usajili ndani ya siku 30. Hata hivyo sheria hiyohiyo inasema kutosajili peke yake hakubatilishi ndoa iliyotimiza masharti mengine. Ng'ombe walifika, mashahidi walikuwapo, babu aliweka dole gumba.

Ni swali la pili lililoibomoa. Ndoa ya kanisani ya Kenya ni ya mke mmoja. Mume aliyeifunga hana ruhusa ya kuoa tena mpaka ivunjwe mahakamani au mkewe afariki. Hivyo ndivyo inavyosema sheria ya Kenya, na kifungu cha 15 cha sheria yetu kinasema hivyohivyo. Kwa hiyo siku ile mahari inahesabiwa zizini, mahesabu yote yakiwa sawasawa, bwana harusi hakuwa na sifa ya kuoa. Ndoa ilikuwa batili tangu siku ya kwanza, na kati ya watu wote waliokula ubwabwa pale, ni yeye peke yake aliyelijua hilo.

Hata hivyo, sheria haikumwacha mama yule mikono mitupu. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, jamii ikawajua kuwa ni mume na mke, itadhaniwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwake ilithibitishwa vinginevyo, kwa cheti cha yule mwenzake. Lakini Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1994, ilishaamua kwamba hata dhana hiyo ikipinduliwa, mahakama inaweza kugawa mali ambayo wawili hao waliichuma pamoja. Jasho lake kwenye nyumba na kwenye mashine lina pa kudaiwa. Nao watoto ni watoto wa baba yao, wawe wamezaliwa ndani ya ndoa halali au nje yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawalinda wasinyimwe kufaidi mali ya mzazi.

Kuna la kushangaza zaidi. Sheria ya Mirathi ya Kenya, katika kifungu cha 3(5), inasema mwanamke aliyeolewa kwa mfumo unaoruhusu wake wengi, hata kama mumewe alikuwa na ndoa nyingine ya mke mmoja, atahesabiwa mke kwa ajili ya urithi, na watoto wake vilevile. Bunge la Kenya liliwatazama wajane wa aina hii likaona si haki wazikwe pamoja na siri za waume zao. Kwa hiyo mama huyuhuyu, ambaye Kongwa ndoa yake ni batili, akisimama mbele ya jaji wa Kenya anayegawa mali ya marehemu iliyoko kule, ana hoja ya kusikilizwa kama mke. Atakachotakiwa kukithibitisha ni kwamba aliolewa kweli kwa mila. Ushahidi wake ni ile karatasi ya daftari la mistari ndani ya mfuko wa rambo.

Wilaya hii ilipaswa kuwa mwalimu wa nchi nzima katika jambo hili. Mwaka 1964 Serikali ilitoa eneo hapa Kongwa, palipokuwa na majengo yaliyoachwa na mpango wa karanga wa Waingereza, likawa kambi ya wapigania uhuru. Walikuja ANC wa Afrika Kusini, FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola na ZAPU wa Zimbabwe. Sisi tuliokuwa watoto tulikua tukiwaona na kuzisikia lugha zao sokoni. Walikuwa vijana walio mbali na kwao, na huku kulikuwa na mabinti. Wapo waliooa, wapo waliozaa bila kuoa. Mwaka 1969 wapiganaji wa ANC wakaondolewa Kongwa wakapelekwa Umoja wa Kisovieti, na nyuma yao walibaki wanawake na watoto. Shuleni tulisoma na watoto wenye majina ya ukoo ambayo hakuna Mgogo aliyekuwa nayo.

Ukombozi ulipokuja, na ANC ilipofunguliwa kifungo mwaka 1990, wapiganaji walianza kurudi kwao. Wapo wanawake wa Kitanzania, hasa wa upande wa Morogoro ambako ANC ilikuwa na makazi ya Mazimbu na Dakawa, waliowafuata waume zao Afrika Kusini. Wengine walibaki wakingoja. Mwaka 1998 Afrika Kusini huru ikatunga sheria ya kutambua ndoa za kimila, jambo jema kabisa. Lakini soma sheria ile kwa makini: mila inazozitaja ni mila za watu asilia wa Afrika Kusini. Ndoa ya Kigogo iliyofungwa Kongwa haimo humo. Mwenye ndoa hiyo hana budi kurudi kwenye kanuni niliyoieleza na kuthibitisha kuwa ilikuwa halali kwa sheria ya Tanzania, mahali ilipofungwa. Ndoa ya miaka ya sitini ataithibitisha nani, ikiwa mashahidi wamekwisha kuzikwa na hapakuandikwa hata mstari mmoja?

Siwalaumu wapiganaji. Walitoa ujana wao, na Kongwa inajivunia kuwapokea. Ninachosema ni kwamba kina mama wale nao walitoa ujana wao, na hakuna aliyewaambia kwamba ndoa yao siku moja itapimwa kwa kipimo cha Pretoria.

Leo mambo yamezidi ukubwa. Dodoma, makao ya mkoa wetu, si mji mdogo wa kupitia tena. Serikali imehamia hapa, Chuo Kikuu cha Dodoma kinapokea vijana tangu 2007, barabara ya lami inatuunganisha na Arusha kupitia Kondoa na Babati, na tangu 2024 treni ya umeme inafika. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwa ikitumika tangu Julai 2010, na inamruhusu mfanyakazi kuhamia nchi mwanachama pamoja na mwenzi wake na watoto. Mwenzi ni nani? Hapo ndipo kila nchi hufungua kitabu chake.

Chukua Rwanda. Katiba yake inasema ndoa inayotambuliwa ni ya kiserikali ya mume mmoja na mke mmoja, kisha inakubali pia ndoa ya mke mmoja iliyofungwa nje kwa kufuata sheria ya huko. Ni mlango mzuri, lakini una kizingiti. Sheria yetu inadhania kwamba ndoa ya kimila au ya Kiislamu ni ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi, hata kama mke ni mmoja tu maisha yote. Binti wa Bahi aliyeolewa kimila na Mnyarwanda, akifika Kigali, anaweza kuulizwa ndoa yake ni ya aina gani. Dawa ipo nyumbani: sheria yetu inawaruhusu wanandoa wa namna hiyo kwenda kwa hakimu na kutamka kwa hiari yao kwamba wanaigeuza kuwa ya mke mmoja. Ni wangapi huku vijijini wamewahi kuambiwa hivyo?

Chukua na umri. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka kila mmoja awe ametimiza miaka 18. Yetu ya 1971 iliandikwa ikimruhusu msichana wa miaka 15. Mahakama Kuu ilisema tarehe 8 Julai 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubali tarehe 23 Oktoba 2019, na kazi ya kuandika umri mpya ikaachiwa Bunge, ambalo linakaa hapahapa Dodoma. Mzazi anayemwoza msichana wa miaka 16 kwa Mkenya, mbali na ubaya wa kumkatisha masomo, anampa ndoa ambayo ng'ambo ya Namanga haina jina.

Nimesikia wanaosema kwamba kuuliza makaratasi ni kumtusi mgeni, na kwamba wazee wetu waliozana bila vyeti na nyumba zikadumu. Wazee wetu hawakuoza bila kuuliza. Mshenga wa zamani alichunguza ukoo mpaka babu wa tatu: je, kuna ugonjwa wa kurithi, kuna uchawi, kuna deni, kuna mke mwingine? Aliweza kwa sababu boma la mchumba lilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. La mchumba wa leo liko kilomita mia kadhaa, upande wa pili wa mpaka. Cheti kinafanya kazi ileile ya mshenga, na muungwana asiye na la kuficha atakileta.

Wapo pia wanaosema Serikali isiingize mkono kwenye mila. Hao nawaambia kwamba sheria haiitafuti mila siku ya harusi. Mila ndiyo huitafuta sheria siku ya msiba. Na ikifika mahakamani huweza kuonewa, kama ilivyoonewa mwaka 1917 huko Kenya, jaji wa kikoloni alipokataa kumhesabu mwanamke aliyeolewa kimila kuwa mke, akidai ndoa ile ni ununuzi tu. Tukitaka ndoa zetu za kimila ziheshimiwe Nairobi, Kigali na Pretoria, sisi wenyewe tuziandike vizuri kwanza.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyaomba. Sheria yetu inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla. Vijijini sharti hilo ni kama halipo. Lifufuliwe, angalau pale mmoja wa wachumba anapokuwa mgeni, na mtendaji wa kijiji asigonge muhuri kwenye makabidhiano ya mahari mpaka ameona hati ya kutokuwa na kipingamizi kutoka kwa msajili wa ndoa wa kwao. Hati hizo si ndoto. Msajili wa Kenya anazitoa, na kwetu wakala wa usajili, RITA, inawapa Watanzania wanaokwenda kuoa au kuolewa nje. Tunachodaiwa sisi Watanzania tukienda kwao, nasi tuwadai wao wakija kwetu.

Na nyie waheshimiwa wabunge, mnaokaa umbali wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka soko la Kibaigwa, lisukumeni hili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa dunia juu ya kutambua ndoa upo, ulitiwa saini Hague mwaka 1978, lakini nchi zilizojifunga nao ni Australia, Luxembourg na Uholanzi tu. Tusiusubiri. Nchi zetu zinaweza kukubaliana wasajili wake wapeane taarifa, ili karani wa Kongwa aweze kumuuliza wa Machakos kama jina fulani lina ndoa, na ajibiwe kabla ng'ombe hawajavuka.

Wazazi wenzangu, hayo ya Serikali yatachukua muda. La kwetu tunaliweza msimu huu. Mchumba akitoka ng'ambo ya mpaka, mwambieni kwa heshima alete hati ya kwao ndipo barua ya posa isomwe. Mahari ikipokelewa, andikeni kila kitu, tarehe na majina kamili, na kila upande ubaki na nakala. Kisha kabla siku 30 hazijaisha, wapelekeni wanandoa bomani wakasajili. Binti akikabidhiwa cheti chake, akitunze yeye mwenyewe.